Bei ya kwanza ya samaki: inatoka wapi, na kwa nini tunaigombania?



Katika mikutano yetu kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka upande wa Uvira mpaka Baraka na vijiji vya Fizi, kuna swali moja linalorudi kila mara. Wamama wanaonunua ndagala wanauliza: "Ni nani anayesema beseni lianzie bei hii?" Wavuvi nao wanauliza: "Kwa nini mnataka tuanze chini, na esansi imepanda?" Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili mwaka ule ule, familia nyingi zimehama, na maneno yamekuwa makali zaidi. Sasa tunasikia: "Wageni wameharibu bei."

Tumeona ugomvi ukianza kwenye beseni moja la ndagala na kuisha kwa majirani kutosalimiana. Mara nyingi watu wanaogombana hawadanganyi. Kila mmoja anajua hesabu yake na hajui hesabu ya mwenzake. Kwa hiyo katika makala hii tunaeleza bei ya kuanzia inapangwa namna gani, nani anaipanga, na viongozi wa pande zote wanaweza kufanya nini ili isilete vita vidogo juu ya vita vikubwa tulivyo navyo.

Mnada ni nini?

Mnada ni kuuza mbele ya watu wote kwa kushindana bei. Ndugu zetu waliokaa Nyarugusu, Tanzania, wanajua kwamba huko neno hili linatumika pia kwa soko la siku maalum, la ng'ombe na nguo. Hapa hatuzungumzii soko hilo. Tunazungumzia ile namna ya kuuza ambapo mtu mmoja anataja bei kwa sauti na wengine wanapandisha mpaka abaki mmoja.

Mfano unaojulikana sana ni soko la samaki la Feri, Magogoni, mjini Dar es Salaam, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002. Asubuhi samaki wanashushwa, wanapangwa kwa mafungu, na dalali anaanza kuita bei. Wanaomzunguka ni wachuuzi, wakaanga samaki, na watu wa hoteli. Dalali hamiliki samaki. Anauza kwa niaba ya mvuvi na kupata sehemu yake katika mauzo.

Katika fuko zetu nyingi hakuna mnada kamili namna hiyo. Kuna mapatano kati ya mwenye mtumbwi na komisyoneri. Lakini asubuhi ambapo wanunuzi ni wengi na samaki ni wachache, mmoja anasema bei yake, wa pili anapandisha, wa tatu anapandisha tena. Hapo mnada umeanza, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Na kwa sababu haukuitwa jina, hauna sheria. Ndiyo maana unaleta makelele.

Bei ya kuanzia siyo bei ya samaki

Hili ndilo jambo la kwanza kuelewa. Mnadi anaposema "tunaanza 25.000," hasemi kwamba beseni lina thamani ya franka 25.000. Anafungua mlango ili watu waingie. Thamani itaonekana mwishoni, wakati mnunuzi wa mwisho amebaki peke yake.

Mnadi mwenye ujuzi anaanza chini kidogo ya pale anapotumaini kufika. Akianza juu mno, watu wananyamaza. Ukimya ule una gharama: jua linapanda, ndagala zinalegea, na baada ya muda inabidi ashuke. Akishuka mara moja, wanunuzi wanajifunza kwamba kesho pia wakinyamaza atashuka. Akianza chini mno, hasa siku ambayo wanunuzi ni wachache, samaki wanaweza kuondoka kwa bei ya kutupa, na mvuvi atasema amekula njama na komisyoneri.

Mnadi anaangalia nini kabla ya kufungua mdomo?

1. Bei ya jana. Hii ndiyo nguzo. Watu wote walioko ufukoni wanakumbuka beseni la mwisho la jana liliondoka kwa bei gani.

2. Mitumbwi iliyorudi. Wavuvi wa ndagala wanafanya kazi usiku kwa taa, maana samaki hao wanafuata mwanga. Mwezi unapokuwa mkubwa taa hazivuti vizuri, na mitumbwi mingi inapumzika. Kwa hiyo siku za kwanza za giza, baada ya mapumziko, watu wana njaa ya samaki na bei inaanza juu. Katikati ya giza, mitumbwi yote ikirudi imejaa, bei inaanza chini. Kufungwa kwa ziwa kunaleta jambo lile lile kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane, ili samaki wazaane.

3. Aina na hali ya samaki. Ndagala za alfajiri siyo sawa na ndagala za saa nne. Mukeke na sangala wanauzwa mbali na ndagala, tena mnadi anaangalia macho na mashavu ya samaki kabla ya kutaja lolote.

4. Hali ya hewa. Mama anayenunua ndagala mbichi anazianika mchangani. Mvua ikinyesha kabla hazijakauka, zinaoza. Kwa hiyo siku yenye mawingu mazito bei inaanza chini, hata kama samaki ni wazuri.

5. Wanunuzi waliopo. Kama magari ya mjini yamefika, bei inaanza juu. Kama barabara imefungwa, wanabaki wanunuzi wa kijiji tu, na kila mtu anajua hivyo.

Hesabu ya pande mbili

Tuchukue mfano. Hizi siyo bei za soko la leo. Ni hesabu ya kufundishia tunayoiandika ubaoni tukiwa na vikundi.

Mvuvi ametumia usiku mmoja franka 120.000 za esansi, 30.000 za chakula cha vijana na betri za taa, na 50.000 za kushona nyavu. Jumla ni 200.000. Amepata mabeseni 10. Kila beseni limemgharimu 20.000. Akiuza chini ya hapo, amekwenda ziwani kwa hasara.

Mama mnunuzi anajua kwamba ndagala kavu zinazotoka katika beseni moja atauza mjini kwa 60.000. Lakini atalipa 6.000 za gari, na 8.000 za ushuru na vizuizi vya njiani. Anaweka kando 4.000 kwa zile zitakazoharibika. Anahitaji 7.000 za kulisha watoto, maana ndiyo sababu aliamka saa tisa za usiku. Ukitoa zote hizo, zinabaki 35.000. Akinunua juu ya hapo, anafanya kazi ya bure.

Kwa hiyo bei ya haki iko kati ya 20.000 na 35.000. Mnadi anayejua hesabu zote mbili ataanza karibu 25.000, na watu watapandisha 1.000 kwa 1.000. Pengine itafika 33.000. Mvuvi amepata, mama amepata, na kila mtu ameona kwa macho yake.

Sasa tazameni jambo hili. Kikundi chenye silaha kikiweka kizuizi kipya njiani na kudai 5.000 kwa kila beseni, mama hawezi tena kufika 35.000. Mwisho wake ni 30.000. Kesho asubuhi atanyamaza mapema, na mnadi ataanza chini kuliko jana. Mvuvi atasema: "Wamama wamepatana kutuibia." Mama atasema: "Mvuvi hana huruma." Wote wawili wametazamana kwa hasira, na yule aliyechukua pesa hayuko pale ufukoni. Yuko barabarani.

Jambo hili siyo dogo. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Tunapotafuta nani ameshusha bei ya kuanzia, tuanze kwa kuhesabu vizuizi vilivyo kati ya ufuko wetu na soko.

Kuna wanaoanza juu na kushuka

Siyo kila mahali mnada unapanda. Katika masoko mengi ya samaki ya Uholanzi na Ubelgiji, bei inaanza juu kuliko mtu yeyote anavyotaka kulipa, kisha inashuka kwenye saa kubwa ukutani. Wa kwanza kubonyeza kifungo ndiye amenunua. Namna hii ni ya haraka, na inafaa kitu kinachooza. Pale bei ya kuanzia haina uzito mkubwa, maana kila mtu anajua itashuka. Kinacholinda mvuvi ni bei ya chini ambayo mnada hauruhusiwi kuivuka.

Umoja wa Ulaya uliweka sheria juu ya bei hiyo ya chini. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu vyama vya wavuvi kuondoa samaki sokoni bei ikishuka mno, na ikasema kiwango hicho kiwe kati ya asilimia 70 na 90 ya bei ya mwongozo, iliyopatikana kwa kuangalia wastani wa miaka mitatu iliyotangulia. Utaratibu ule ulibadilishwa na sheria mpya ya mwaka 2013. Sisi hatuna ghala za barafu wala fedha za kuondoa samaki sokoni. Lakini kuna la kujifunza: hawakupanga bei kwa kuangalia siku moja. Siku moja ya mvua au ya mwezi mkubwa inadanganya. Wastani wa siku nyingi haudanganyi kwa urahisi.

Mambo matatu yanayopotosha bei ya kwanza

La kwanza ni deni. Wavuvi wengi wanakopeshwa esansi na nyavu na mfanyabiashara. Kwa deni lile, samaki wanakuwa wake kabla hawajatoka majini. Mtumbwi unarudi na mabeseni 10, lakini 6 yameshaondoka kwa bei iliyopatanwa kwa simu usiku. Ni 4 tu yanayofika mbele ya watu. Wamama wanaona samaki 10 na kushindania 4, kisha wanashangaa kwa nini bei inaanza juu. Deni siyo dhambi. Bila deni mitumbwi mingi isingetoka. Kinacholeta chuki ni kulificha.

La pili ni wanunuzi wakubwa kupatana wasishindane. Wanakubaliana mapema: leo wewe unanunua, mimi nanyamaza, kesho zamu yangu. Mnadi anaanza, anapata ukimya, anashuka. Dawa yake ni wanunuzi wengi. Mahali ambapo wamama wadogo wanaruhusiwa kusimama mbele, mapatano ya namna hiyo yanavunjika yenyewe.

La tatu ni kipimo. Beseni lililobonyezwa kitako kiingie ndani linapokea samaki wachache. Beseni la mvuvi na beseni la komisyoneri hayalingani. Watu wanagombania 1.000 ya bei huku wanapoteza 3.000 ndani ya beseni. Bei ya kuanzia haina maana kama kipimo si kimoja.

Je, ni kweli kwamba wageni wameharibu bei?

Tujibu kwa ukweli, maana jibu la kufurahisha watu halisaidii. Watu wengi wakifika mahali, midomo ya kula inaongezeka kuliko mitumbwi. Kwa hiyo bei ya samaki wa kula nyumbani inapanda. Mwenyeji anayesema maisha yamepanda hasemi uongo.

Lakini kuna upande wa pili. Wale wale waliohama wamekuja na mikono. Wanabeba, wanaanika, wanashona nyavu, na mara nyingi wanalipwa kidogo kuliko wenyeji. Mwenye mtumbwi anapata kazi kwa bei nafuu na wanunuzi wengi zaidi asubuhi. Kijana mwenyeji aliyekuwa akibeba mizigo ndiye anayepoteza. Kwa hiyo kusema "wageni wameharibu bei" kunaficha jambo: ugeni umewapa wengine faida na wengine hasara, na wenyeji wenyewe hawako upande mmoja. Kiongozi mwenye busara atauliza nani amepoteza, na atamtafutia nafasi yule, kabla maneno hayajawa mawe.

Yaliyofanyika katika ufuko mmoja

Katika ufuko mmoja tunaoutembelea, wamama waliohama walikuwa wameunganisha pesa zao, kila mmoja kidogo, ili kununua beseni moja kwa watu wanne. Kila asubuhi walifika na kukuta samaki wameisha. Waliambiwa: "Bei ilianza mapema." Siku moja walikaa juu ya nyavu na kukataa kuondoka. Vijana wakaja na fimbo. Mzee wa ufuko akatuma watu kutuita, akamwita pia kiongozi wa waliohama.

Hatukuanza kwa kuuliza nani ana kosa. Tuliomba kila upande uandike hesabu yake ubaoni. Mwenye mtumbwi aliandika esansi. Wamama waliandika gari na vizuizi. Mvuvi mmoja mzee alitazama zile 8.000 za njiani akasema: "Hizi tulikuwa tunafikiri mnakula ninyi." Kikao kilinyamaza kidogo. Baada ya hapo walizungumza kama watu wenye shida moja.

Walikubaliana mambo haya. Bei ya kuanzia inatajwa na watu watatu: mvuvi mmoja, mwenyeji anayenunua, na mama mmoja wa waliohama. Wanachukua bei za mwisho za siku tano zilizopita, wanaondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, wanatafuta wastani wa zile tatu, kisha wanaanza chini kidogo ya hapo. Mabeseni ya deni yanatajwa hadharani kabla ya kuanza. Beseni la kipimo ni moja, na linalala kwa mzee wa ufuko. Mafungu mawili ya kwanza yanagawanywa vidogo ili mwenye pesa kidogo naye anunue. Na hakuna beseni linalouzwa kabla filimbi haijapigwa.

Hatusemi kwamba shida zimeisha. Juma la tatu, wenye mitumbwi wawili walikwenda kuuza ufuko mwingine, wakisema sheria zimewachosha. Mmoja alirudi, wa pili bado. Komisyoneri mmoja alilalamika kwamba amepoteza kazi, na kikao kilimpa kazi ya kuandika bei kila siku kwa malipo madogo. Vizuizi bado viko barabarani. Lakini fimbo hazijarudi, na wamama wananunua.

Mashauri kwa viongozi

Viongozi wa ufuko na wa waliohama wanaweza kuanza bila kungoja msaada wa shirika lolote:

– Andikeni bei ya kuanzia na bei ya mwisho kila siku, kwenye ubao ambao kila mtu anaweza kuuona. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti.

– Bei ya kuanzia isipangwe na mtu mmoja, wala isipangwe kwa simu usiku.

– Kila upande upate mtu wake pale bei inapotajwa, na mmoja wao awe mwanamke. Wanawake ndio wanaonunua na kuanika, na ndio wanaojua bei ya mjini.

– Msilazimishe bei moja isiyobadilika. Siku ya samaki wengi na siku ya samaki wachache hazilingani. Mkilazimisha, mitumbwi itahamia mahali pengine.

– Kizuizi kipya kikitokea njiani, kitangazwe ufukoni siku ile ile, ili mvuvi na mnunuzi wasisingiziane.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika ufuko au soko letu, nani anataja bei ya kwanza? Alipewa kazi hiyo na nani?

2. Tunajua hesabu ya upande wa pili? Tuiandike pamoja.

3. Kati ya bei ya ufukoni na bei ya mjini, pesa zinaishia wapi?

4. Tangu familia nyingi zilipohamia hapa, nani amepata na nani amepoteza? Tunaweza kumsaidiaje aliyepoteza?

5. Kipimo chetu ni kimoja? Kinalala kwa nani?

Kikundi chenu kikishajadili maswali haya, mpeleke majibu kwa mzee wa ufuko na kwa kiongozi wa waliohama siku moja, mbele ya wote wawili. Msianze kwa mmoja halafu mkaenda kwa mwingine. Tumeona mara nyingi kwamba anayesikia wa pili anafikiri mambo yameshapangwa bila yeye, na ugomvi unaanza upya hapo.